Mkono Ndani ya Gunia

Hakuanza kwa kuyatazama majani. Wakaguzi wengine niliowaona baadaye waliyamwaga mezani, wakayapekua na kukunja uso. Yeye alifungua mdomo wa gunia, akakunja mkono wa koti lake la kaki, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kufumba macho. Alikaa hivyo kwa muda ambao mwenye gunia aliuona mrefu sana. Kisha alitoa mkono, akanusa vidole, akasema neno moja kati ya mawili: "Pita," au "Rudi."

Alikuwa mkaguzi wa majani katika kituo chetu cha chai, chini kidogo ya Sosiot. Alistaafu zamani lakini bado tunamwita Mkaguzi. Namwandika sasa, angali hai na mimi ningali na macho ya kuandikia, kwa sababu watu wa rika la watoto wangu wanamjua kwa hadithi moja tu, na katika hadithi hiyo yeye ni mtu mbaya. Hadithi yenyewe niliitunga mimi.

Kituo chetu si jengo la kujivunia. Ni kibanda cha mbao na mabati kando ya barabara, chenye meza ndefu ya kupembulia majani, mizani ya kuning'iniza, na mahali pa kuegesha lori la kiwanda. Sisi wakulima wadogo huchuma asubuhi, hupeleka mchana, na lori hubeba jioni. Kati ya shamba na lori anasimama mkaguzi. Akiyakataa majani yako umechuma bure, na foleni nzima imeona.

Mfukoni alibeba kipande cha sabuni ya kufulia kilichofungwa kwa karatasi. Kabla ya kuanza kazi alinawa mpaka kwenye viwiko, kwa maji aliyobeba mwenyewe kwenye mtungi mdogo wa plastiki. Alisema jani hushika harufu haraka kuliko nguo. Ukimpa mkono wakati ameshanawa, alikupa kiwiko, na wageni walidhani anaringa.

Alikuwa na usemi wake: "Hapa tunapokea majani, hatupokei sababu." Ukianza kueleza kwamba mvua ilikunyeshea, au mtoto alikuwa mgonjwa, alikusikiliza hadi mwisho bila kukukatiza, kisha akasema hayo maneno kwa sauti ya mtu anayekuonyesha njia. Akina mama waliyabeba mpaka majumbani. Mtoto akieleza kwa nini hajaosha vyombo, alijibiwa hivyo hivyo, na sauti ikiigwa.

Siku moja alikataa majani ya mke wake mwenyewe. Nilikuwepo, na hili nimeliona kwa macho. Mama yule alipanga foleni kama sisi, akafika mezani, na Mkaguzi akaingiza mkono, akafumba macho, akatoa mashina marefu matatu. "Rudi, pembua upya," akamwambia. Mama akamtazama, akasema, "Na wewe leo utajipikia." Foleni nzima ilicheka, naye alitabasamu upande mmoja wa mdomo. Kesho yake tulimuuliza alikula nini. "Viazi," akasema. "Na havikuiva."

Hebu ona sasa. Jioni hiyo hiyo, katika hoteli moja ya Sosiot, nilisikia watu wawili wakisimulia kisa hicho. Mmoja alisema, "Huyo ni mtu wa haki, hata bibi yake hampendelei." Wa pili akasema, "Haki gani? Anatafuta sifa. Mwanaume wa kuaibisha bibi yake mbele ya watu, utamwamini na nini?" Mashina yalikuwa yale yale matatu. Nilikunywa chai yangu nikawacheka wote wawili, bila kujua kwamba siku moja nami ningefanya kazi ya yule wa pili, tena kwa ustadi zaidi.

Jambo moja kwake halikuingia akilini mwetu. Mtu aliyewarudisha watu kwa ajili ya shina moja gumu alikunywa chai mbaya kuliko mtu yeyote tarafani. Aliipenda ikiwa imechemshwa mpaka imekuwa na rangi ya tofali, ina sukari ya kusimamisha kijiko, na utando juu. Mwenye hoteli alimtania kila siku.

"Mkaguzi, hii nayo ungeipitisha?"

"Hii ingerudi pamoja na sufuria," alisema, na kuomba kikombe cha pili.

Alitoka ng'ambo, kwenye milima ya Kisii, naye alizungumza nasi kwa Kiswahili. Kwa miaka tulimsema mbele yake kwa Kipsigis, tukiwa na hakika kwamba ni kama kusema mbele ya ng'ombe. Mchana mmoja lori lilichelewa, mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Kiptere, na mama mmoja mzee akalalamika kwa lugha yetu kwamba huyu mwenye shingo ya kuku anatuchelewesha. Mkaguzi, akiwa anafunga mdomo wa gunia, akamjibu kwa Kipsigis safi, kwa heshima zote anazostahili mama mzee, "Shingo ni yangu, mama. Lakini kuchelewa ni kwa lori."

Halafu mama mwenyewe akaangua kicheko, na wengine wakafuata. Baada ya kicheko nikaona nyuso zikibadilika, kila mtu akikumbuka alichowahi kusema. Mimi sikucheka kabisa. Wakati huo hadithi yangu ilikuwa na zaidi ya mwaka mmoja, na nilikuwa nimeisimulia kwa Kipsigis kando ya mizani ile, yeye akiwa hatua mbili kutoka kwangu.

Hadithi yangu ilikuwa hivi. Mke wangu, mama Kiprono, amepeleka gunia la majani laini, majani mawili na kichipukizi, hakuna dosari. Mkaguzi anaingiza mkono, anafumba macho, anasema, "Rudi." Kwenye kitabu cha kituo anaandika "majani magumu". Mimi natokea nyuma ya foleni, napasua gunia mbele ya watu wote, navunja jani kwa vidole viwili, na jani linakatika kama uzi. Nauliza, "Ugumu uko wapi?" Mkaguzi anaangalia chini, kisha ananong'ona kwamba jogoo mmoja angeyalainisha. Nami namwambia kwa sauti ya kusikika hata na dereva wa lori kwamba jogoo wangu huamsha watu wa haki, hawezi kulala kwa mwizi. Hapo wasikilizaji walipiga meza. Nilijua mahali pa kunyamaza ili wapige meza, kwa maana nilisoma mpaka kidato cha nne, nilishinda mashindano ya kusema mbele ya watu, na tangu hapo sikupata mahali pengine pa kutumia kipaji hicho.

Ukweli ni kwamba siku hiyo sikuwepo kituoni.

Siku iliyotangulia tulichuma vizuri, na nilimwambia mama Kiprono kwamba gunia nitalipeleka mwenyewe. Nilipitia Sosiot mara moja tu kuwasalimu watu, gunia nikaliacha nyumbani nikidhani nitalirudia. Tulibishana siasa hotelini mpaka lori likapita. Usiku ule majani yalilala ndani ya gunia, yakiwa yameshindiliwa. Majani yaliyofungwa hivyo hupata joto, huanza kuwa mekundu katikati, na gunia moja la namna hiyo likichanganywa na mengine huharibu chai ya watu wengi kiwandani. Hakuna mkulima asiyejua hilo. Asubuhi mke wangu alisema tuyatupe. Nilisema hapana. Niliyaweka chini kabisa ndani ya gunia kwa mikono yangu, nikafunika kwa majani mabichi ya asubuhi hiyo, nikamtwika. Kisha nikarudi ndani kunywa chai.

Aliporudi jioni alikuwa na gunia tupu lililokunjwa. Nilimuuliza, akanijibu kwa maneno matatu: "Walikataa. Waliandika magumu."

Hapo ndipo nilipopata mlango. Majani yangu yalikuwa na makosa yote duniani isipokuwa ugumu. Nilishangaa kwa nini ameandika hivyo, lakini sikushangaa kwa muda mrefu. Kama kitabu kimesema uongo, basi mimi nina haki ya kukasirika, na mwenye hasira ya haki anaweza kuongeza jogoo. Nimefikiri sana juu ya jambo hili uzeeni. Mimi sikubadilisha mambo mengi. Nilichagua tu mahali pa kuanzia. Ukianzia pale mkono unapoingia kwenye gunia, mimi ni shujaa na yeye ni mwizi. Ukianzia jioni ya jana yake, kwenye kiti cha hoteli, sina pa kujificha. Kwa hiyo sikuanzia hotelini hata siku moja.

Watu waliipenda. Waliipenda kwa sababu niliisimulia vizuri, na pia, niseme ukweli wote, kwa sababu hakuwa wa kwetu. Ingekuwa mkaguzi wa ukoo wetu, mtu angeuliza, "Ulikuwa na shahidi?" Kwa huyu hakuna aliyeuliza. Mke wangu hakuwahi kunipinga mbele ya watu. Nikianza kuisimulia alitoka nje kwenda kuangalia ndama.

Hadithi ikafika kwa kamati ya kituo. Kamati ilimwita na kumuuliza kuhusu jogoo, akasema hajawahi kuomba jogoo. Walimuuliza, basi ilikuwaje ukaandika majani magumu na wenzake mama Kiprono kwenye foleni wanasema yalikuwa laini? Hapo akanyamaza. Walichukua ule unyamavu kuwa ni kukiri. Hawakuwa na uthibitisho wa kumfukuza, wakaomba ahamishwe, na kiwanda kikampeleka kituo cha mbali, ng'ambo ya Mogogosiek. Kwa miaka kadhaa alirudi kwake mara moja kwa wiki, na mkewe akachuma peke yake. Niliona kwa macho yangu mama huyo akivuka bonde na gunia kichwani, mtoto mgongoni. Nilimsalimu.

Aliporejea, nywele zilikuwa nyeupe. Alikuwa amenunua kipande cha shamba kwenye kilima kinachotazamana na changu, na tangu hapo tumekuwa majirani. Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Alinisalimu kama alivyowasalimu wote: anasimama, anavua kofia, anauliza ng'ombe kwanza halafu watu.

Mke wangu alipofariki, Mkaguzi alikuja mazishini akakaa nyuma. Wiki mbili baadaye niliamka nikakuta watu shambani kwangu. Alikuwa yeye, mke wake, na wana wao wawili, na vikapu mgongoni. Chai yangu ilikuwa imekua mpaka kiunoni, kwa sababu sikuwa nimeigusa tangu msiba.

"Mzee, mbona mnajisumbua?" nilimuuliza.

"Chai haingoji mtu amalize kulia," alisema. "Kaa, tutakuita ukague."

Walichuma siku tatu. Jioni ya tatu aliniletea gunia, akalifungua mbele yangu, akasubiri. Niliingiza mkono. Yalikuwa baridi na laini mpaka chini kabisa. Nilitaka kumwambia hapo hapo. Nilifungua mdomo, na yaliyotoka yalikuwa maneno juu ya mvua. Nilifanya hivyo mara nyingi miaka iliyofuata, kwenye ua, kanisani, njiani. Kila mara nilikuwa na jambo la kusema juu ya mvua.

Halafu mwaka huu mjukuu wangu Chebet akaja na habari kwamba amepata mchumba. Walisoma pamoja chuoni. Nikamuuliza ni wa nyumba gani, akacheka, akanyoosha kidole ng'ambo ya bonde. "Si unaona ile mabati ya bluu, Kugo? Ni kijana wa kwa Mkaguzi."

Walikuja kwa desturi zetu, ingawa si zao, na hilo lilikuwa adabu yao. Siku hiyo ya kuposa sisi tunaiita koito. Wazee wa pande zote mbili hukaa, na kwetu, kabla ya kutaja ng'ombe hata mmoja, huulizwa kama kuna neno lolote baya kati ya nyumba hizi mbili. Mwenye neno hulisema hapo. Neno likisemwa na lisijibiwe, wageni hunywa chai na kurudi kwao.

Walikaa sebuleni kwangu. Mkaguzi alikuwa ameshika fimbo, amevaa koti la suti lililokuwa kubwa kwake siku hizi. Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wetu, aliuliza swali lile, na kabla mtu hajapumua akalijibu mwenyewe.

"Mimi niko nayo," akasema. "Hawa ni watu wazuri, sikatai. Lakini sisi wote hapa tunajua ile maneno ya jogoo. Mtu mwenye aliomba bibi ya kaka yangu hongo, leo tumpe msichana? Watu wa Sosiot watatuonaje?"

"Hiyo ni maneno ya zamani, mzee," mmoja wa wana wa Mkaguzi alisema.

"Ya zamani ni sawa. Ijibiwe tu."

Nilimtazama Chebet, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia ya vikombe. Hakuwa akimtazama mchumba wake. Alikuwa akinitazama mimi, kwa sababu hadithi ile alilelewa nayo, na alijua kwamba mimi peke yangu ndiye ninayeweza kuimaliza. Mkaguzi alikuwa ameinamisha kichwa. Miaka yote alikuwa amenyamaza, na niliona wazi kwamba angenyamaza tena, ainuke, amchukue mjukuu wake na kurudi ng'ambo ya bonde.

Nikasimama. Nilianzia hotelini. Nilisema juu ya siasa, lori lililopita, majani yaliyolala, na mikono iliyoyaweka chini ya gunia. Nilisema hakukuwa na jogoo. Nilisema kwamba hata kwenye foleni sikuwepo, na kwamba nilimhamisha mtu huyu Mogogosiek kwa mdomo wangu. Kipaji changu kiliniacha. Nilisimulia vibaya, nikirudi nyuma na kusahau, na hakuna aliyepiga meza.

Nilipomaliza, mdogo wangu alikaa akitazama zulia. Kisha akasema polepole, "Kaka, hii hadithi mimi nimeisimulia kanisani."

"Najua," nikasema. "Nilikuwa nimekaa mbele."

Nikamgeukia Mkaguzi nikamwomba msamaha, kwa Kipsigis, kwa sababu ndiyo lugha niliyotumia kumharibia jina. Akaitikia kwa kichwa. Kisha nikamuuliza lililokuwa limenishinda maisha yote. "Kwa nini uliandika majani magumu? Ungeandika ukweli, ningekuwa mimi wa kufutwa kwenye kitabu."

Akaegemeza fimbo kwenye goti.

"Unafikiri ile siku ilikuwa yako," akasema. "Mimi kwangu wewe hauko ndani ya hiyo siku. Niliingiza mkono nikasikia moto. Nikamuuliza mama Kiprono pole pole, 'Mama, hii imelala?' Angesema hapana, kila mtu husema hapana. Yeye alisema, 'Imelala. Ni mimi nilichelewa.' Na mimi jana yake nilikuwa nimepita Sosiot kwa baiskeli, nikakuona wewe kwa dirisha ya hoteli."

Watu walicheka kidogo. Hata mimi.

"Nikamwambia, kitabu inataka sababu, na hii sababu itafunga namba yenu ya kuuza chai. Akasema, 'Andika.' Hakuniomba. Angeniomba ningeandika ukweli, hiyo ndiyo kazi. Lakini mtu mwenye hajaomba, akabeba makosa si yake, mkono wangu ulikataa. Nikaandika magumu. Ni uongo moja tu niliandika kwa hiyo kazi, na kamati wakaniuliza hiyo moja." Alitabasamu upande mmoja wa mdomo. "Sasa mama akabeba gunia mpaka kwa mtaro, akamwaga yote, akakunja gunia. Nikajua ataenda nyumbani. Hakuenda. Alirudi kwa meza akaanza kupembulia wengine majani yao, mpaka jioni, mpaka lori ikaja. Nikamuuliza, 'Mama, si uende upumzike?' Akaniambia, 'Nikienda saa hii nitapiga mtu. Wacha nipoe.'"

Sebule nzima ililipuka kwa kicheko. Mdogo wangu alifuta macho. Mimi nilikuwa nimeishi na mama Kiprono miaka arobaini na zaidi, na nikaacha kucheka kabla ya wengine, kwa sababu niliisikia sauti yake ndani ya yale maneno, vile vile alivyokuwa.

"Watoto wangu nimewasimulia huyo mama kila mwaka," Mkaguzi alisema. "Huyu kijana hapa, mkimuuliza alikuja kwenu kutafuta nini, atawaambia. Alitaka nyumba ya huyo mama."

Mdogo wangu akakohoa, akasema kwamba upande wetu hauna neno tena, na kwamba wageni watuwie radhi. Chebet akaweka sinia mezani. Hakugawa vikombe. Alivuta kigoda karibu na kiti cha Mkaguzi, akakaa. Nyanya yake alifariki yeye akiwa mdogo, na walichobaki nacho wajukuu ni picha moja ya kitambulisho.

"Kugo," akamwambia, akimwita babu kama anavyoniita mimi, "anza tena. Anza pale alipofika kwenye foleni. Alikuwa amevaa nini?"

Mkaguzi akafumba macho ili akumbuke vizuri. "Kitambaa cha njano," akasema, na akaanza upya, bila haraka. Mimi nikakaa kwenye ncha ya kochi kama mgeni, nikasikiliza.